Herufi, Mizani na Neno Refu: Tathmini ya Mchezo wa Kusaka Maneno, Bunia Ikiwa Mfano

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa michezo ya lugha inayopendwa katika nchi zinazotumia alfabeti ya Kirumi, upo mmoja ambao kanuni yake ni nyepesi na utekelezaji wake ni mgumu. Mchezaji hupewa herufi kadhaa, naye hutakiwa kutafuta neno refu kuliko yote lenye herufi hizo. Mchezo huu una sura mbili. Katika sura ya kwanza, mchezaji hutumia herufi alizopewa tu, wala haruhusiwi kuongeza nyingine. Katika sura ya pili, herufi zilizotolewa ni sharti ziwemo ndani ya neno, lakini neno lenyewe laweza kubeba herufi nyingine nyingi kadiri lugha inavyoruhusu. Waingereza na Wamarekani wameuchezea sana mchezo huu katika sura zote mbili. Wafaransa waliuingiza katika televisheni mwaka 1965 kwa jina la Le mot le plus long, yaani neno refu kuliko yote. Mwaka 1972 kipindi hicho kikageuzwa kuwa Des chiffres et des lettres, nacho kikaendelea hadi mwaka 2024. Waingereza walikiiga mwaka 1982 kwa kipindi kiitwacho Countdown.

Mchezo wa aina hii husifiwa kwamba hupima ukubwa wa msamiati wa mchezaji. Kwa sababu hiyo walimu wa lugha huupenda, na ni rahisi kuupendekeza utumike pia katika masomo ya Kiswahili. Makala haya yanachunguza sifa hiyo. Yanauliza kama kipimo kilichoundwa kwa ajili ya Kiingereza na Kifaransa kinaweza kuhamishiwa katika Kiswahili bila kupotoa kinachopimwa, na kama mwanafunzi wa Bunia, katika jimbo la Ituri, anaweza kukaa mbele ya kipimo hicho kwa haki. Bunia imechaguliwa kwa makusudi. Ni mji ambao wenyeji wake husoma kwa Kifaransa, hununua na kuuza kwa Kiswahili, na majumbani mwao husema Kilendu, Kihema, Kibira, Kialur, Kinande na lugha nyinginezo. Mahali kama hapo ndipo udhaifu wa kipimo unapojitokeza mapema.

2.0 Mchezo na Lugha Ulikozaliwa

Hakuna mchezo wa herufi usio na lugha yake. Scrabble, ambao ndio ulioenea zaidi katika jamii hii ya michezo, ulibuniwa na Mmarekani Alfred Butts, msanifu majengo, katika miaka ya 1930, ukaanza kuuzwa kwa jina hilo mwaka 1948. Butts alipotaka kuamua kila herufi iwe na vipande vingapi na ipewe alama ngapi, alihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza. Herufi iliyoonekana mara nyingi ilipewa vipande vingi na alama chache. Iliyoonekana kwa nadra ilipewa kipande kimoja na alama nyingi. Kwa hiyo thamani ya herufi katika mchezo huo ni muhtasari wa tabia ya Kiingereza cha magazetini. Wafaransa walipouchukua walihesabu upya, wakapata seti ya vipande 102 badala ya 100, na alama tofauti.

Hapa ndipo shaka ya kwanza inapozuka. Katika seti ya Kifaransa, herufi K, W, X, Y na Z zina kipande kimoja kimoja, na kila moja ina alama kumi, yaani alama za juu kabisa. Kwa Mfaransa uamuzi huo ni wa busara, kwani herufi hizo ni kama wageni katika lugha yake. Lakini K, W, Y na Z ndizo herufi zinazobeba sarufi ya Kiswahili. Bila ya hizo hakuna ku- ya kitenzi-jina, hakuna ki- ya ngeli, hakuna wa-, ya- wala za- ya upatanisho, hakuna kwa wala katika. Mtu hawezi kusema sentensi mbili za Kiswahili bila kuzigusa.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Mchezaji wa Bunia akichukua seti ya Kifaransa ili acheze kwa Kiswahili, hawezi kuandika kuku wala kaka, kwa sababu K ni moja tu. Hawezi kuandika wewe, kwa sababu W ni moja. Wala yeye, kwa sababu Y ni moja. Itambidi atumie kimojawapo cha vile vipande viwili vitupu ambavyo huwakilisha herufi yoyote. Seti ya Kiingereza haimwondolei tatizo, kwani nayo ina K moja tu, ingawa W na Y zimo mbili mbili. Wakati huohuo seti zote mbili humlazimisha kubeba Q na X, herufi ambazo alfabeti ya Kiswahili sanifu haina, pamoja na C ambayo katika Kiswahili haisimami peke yake bali hufuatana na H.

Mtu anaweza kujibu kwamba dosari hizi ni za vifaa tu, na kwamba seti mpya ikitengenezwa kwa kuhesabu herufi za Kiswahili, mambo yatanyooka. Jibu hilo lina ukweli. Wahispania waliwahi kutengenezewa vipande vya CH, LL na RR, na Wawelshi nao wana vipande vya herufi pacha zao. Waswahili wangeweza kuwa na kipande cha CH, cha SH na cha NG'. Hata hivyo, idadi ya vipande ikisharekebishwa, linabaki swali zito zaidi, nalo ni nini kinachohesabiwa kuwa neno.

3.0 Herufi Tano za Bunia

Ili swali hilo lisibaki katika nadharia, ni vyema kuchukua mfano. Jina la mji wa Bunia lina herufi tano: B, U, N, I, A. Jina hilo lafaa kwa jaribio, kwani lina irabu tatu na konsonanti mbili, na herufi zake zote zimo katika Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Swali ni hili: ni maneno gani marefu yenye herufi zote hizo tano, kwa mpangilio wowote?

Kwa Kiingereza, mtafutaji hupata urbanization, neno la herufi 12, na uninhabitable, neno la herufi 13. Yote mawili yameundwa kwa viambishi, na yote yamo katika kamusi kwa umbo hilohilo. Utafutaji wa Kiingereza, kwa hakika, ni utafutaji wa orodha. Neno lipo ama halipo, na mshindi ni yule anayeikumbuka orodha vizuri zaidi. Siku hizi kompyuta huifanya kazi hiyo kwa muda mfupi sana, maana haihitaji kujua maana ya neno hata moja.

Kwa Kiswahili, mtafutaji huanza karibu sana na nyumbani. Herufi hizo hizo, kwa mpangilio wake huohuo, ni bunia, yaani kauli ya kutendea ya kitenzi buni. Jambo hili lisichukuliwe kuwa ni asili ya jina la mji. Ni sadfa ya herufi tu. Ikiongezwa herufi moja, M, hupatikana binamu. Kisha hufuata kubaini, herufi 7; ubinadamu, herufi 9; kubainisha, herufi 10; ubainishaji, herufi 11; kubadilishana, herufi 13; na ubadilishanaji, herufi 14. Hadi hapo Kiswahili kimekwisha kuipita orodha fupi ya Kiingereza iliyotajwa, na maneno hayo si ya kubuni bali ni ya matumizi ya kila siku katika vitabu na magazeti.

Yafaa kutua kidogo kwenye neno ubinadamu. Mhakiki mwenye pupa angeweza kulinganisha neno hilo na lile la Kiingereza lenye maana ya mahali pasipokalika, kisha akasoma humo bishara kuhusu mji uliopigwa na vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na ambao tangu Mei 2021 ulitiwa, pamoja na jimbo zima, chini ya utawala wa hali ya kuzingirwa. Usomaji wa namna hiyo ni wa kupiga ramli. Herufi hazitabiri lolote. Jambo lenye maana kwa uhakiki ni dogo zaidi na la uhakika zaidi: herufi zilezile, zikipelekwa katika lugha mbili, huzaa msamiati wa aina mbili, kwa sababu kila lugha ina njia yake ya kurefusha neno.

4.0 Neno Refu ni Neno la Namna Gani?

Njia ya Kiswahili ya kurefusha neno ni kuambatisha. Mtafutaji aliyefika kwenye kubadilishana hana sababu ya kisarufi ya kusimama hapo. Anaweza kuandika tutakapobadilishana, neno lenye herufi 19, na ndani yake zimo B, U, N, I na A. Akitaka, ataongeza kauli ya kutendea, apate tutakapobadilishiana, herufi 20. Maumbo haya huandikwa kwa pamoja, hutamkwa kwa mkazo mmoja, na kila msemaji huyaelewa. Kwa kipimo chochote cha othografia ni maneno. Lakini hakuna kamusi inayoyaorodhesha, wala haitakiwi kuyaorodhesha.

Sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa hesabu ndogo. Kitenzi cha Kiswahili kinaweza kuanza na kiambishi kimojawapo cha nafsi au ngeli. Ukihesabu maumbo yaliyo tofauti tu, yaani ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku- na pa-, unapata 14. Kisha huja kiambishi cha njeo au hali, na hata ukijifunga kwenye li, na, ta, me, ka, ki, nge na ngali tu, unapata 8. Kisha yaweza kuja, au yasije, mojawapo ya maumbo 13 ya yambwa. Kwa hiyo mzizi mmoja wenye yambwa huweza kutoa maumbo 14 mara 8 mara 14, yaani 1,568, kabla ya kugusa ukanushi, urejeshi wala mnyambuliko. Baadhi ya maumbo hayo hayana matumizi kwa sababu ya maana, lakini yanayobaki bado ni mengi mno kwa orodha yoyote iliyochapishwa.

Watungaji wa kamusi wamelijua tatizo hili tangu zamani, na kila mmoja amelitatua kwa namna yake. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya mzizi wa kitenzi chake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 ilifuata alfabeti kwa nomino, lakini vitenzi vikabaki kuingizwa kwa mashina yake. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015 nayo haikuweza kukwepa uamuzi wa namna hiyo. Uamuzi huo ni sahihi kwa kamusi, kwani kamusi humsaidia mtu anayejua sarufi kutafuta maana. Lakini ukiichukua kamusi ya namna hiyo na kuifanya mwamuzi wa mchezo wa herufi, umewanyima wachezaji sehemu kubwa ya maneno wanayoyasema.

Kwa hiyo mchezo unapohamia Kiswahili, mwamuzi yumo kati ya hasara mbili. Akikubali vidahizo vya kamusi tu, mchezo unakuwa wa nomino na mashina ya vitenzi, na ule ufundi ambao ndio utajiri wa lugha unatupwa nje. Akikubali kila umbo ambalo sarufi inaliruhusu, mchezo haupimi tena msamiati. Anayejua kubadili na viambishi vyake atamshinda anayejua maneno elfu kumi ya nadra, kwa kuwa mzizi mmoja unamtosha. Katika hali zote mbili ile sifa ya kupima msamiati imepotea.

5.0 Mizani kama Kipimo cha Kienyeji

Inafaa ikumbukwe kwamba Waswahili hawakungoja mchezo wa kigeni ili waanze kupima urefu wa maneno. Ushairi wa Kiswahili umekuwa ukipima kwa karne nyingi, lakini kipimo chake si herufi. Ni silabi, yaani mizani. Mstari wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika kila kipande. Mshairi ana hata ruhusa ya kulifupisha neno kwa inkisari au kulirefusha kwa mazida, mradi mizani itimie na maana isipotee. Katika mchezo wa herufi kitendo hicho kingeitwa udanganyifu. Katika ushairi huitwa ujuzi.

Tofauti ya vipimo hivi viwili si ndogo. Neno la Kiingereza strengths lina herufi tisa na silabi moja. Neno la Kiswahili uogeleaji nalo lina herufi tisa, lakini lina silabi sita, na ndani yake zimo irabu zote tano. Kwa kipimo cha herufi maneno hayo yako sawa. Kwa sikio la Mswahili, moja ni pigo moja na jingine ni karibu kipande kizima cha mstari. Vilevile, ubinadamu lina herufi tisa na kubainisha lina herufi kumi, lakini yote yana mizani tano. Ile herufi ya ziada imetokana na SH, ambayo ni sauti moja iliyoandikwa kwa alama mbili. Kipimo cha herufi, kwa hiyo, humpa mchezaji alama kwa sababu ya uamuzi wa watu wa othografia, wala si kwa sababu ya urefu wa neno lenyewe.

Michezo ya lugha iliyozaliwa pwani nayo hufuata silabi. Katika kinyume, ambacho Edward Steere alikitaja alipofanya kazi Unguja katika karne ya 19, silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele: nyumba ikawa mbanyu, mtoto akawa tomto. Hakuna anayegeuza herufi moja moja. Katika maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, jina Bunia lingesimama hasa juu ya herufi mbili, be na nuni, na irabu zikaonyeshwa kwa alama na herufi saidizi. Zipo pia tungo za pwani ambazo beti zake hufuatana kwa mpangilio wa herufi kuanzia alifu hadi ye, lakini humo herufi huongoza ubeti tu. Kupima urefu kumeachiwa mizani. Hata mtoto wa shule ya msingi, Bunia kama Bagamoyo, huanza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu, wala haanzi na B peke yake.

Haya yote yanaonyesha kwamba kipande cha silabi kingekuwa na mizizi katika lugha kuliko kipande cha herufi. Lakini mhakiki hana budi kukiri kwamba ukibadilisha kipande, unabadilisha pia maneno yatakayopatikana. Jina la mji likigawanywa katika silabi bu, ni na a, neno ubinadamu linatoka, kwa kuwa silabi zake ni nyingine. Mahali pake yanaingia abuduni na kubuniana. Hakuna kipimo kisichochagua.

6.0 Mwamuzi na Kiswahili cha Bunia

Hadi hapa hoja imejengwa juu ya Kiswahili sanifu. Bunia inaiongezea hoja hiyo uzito mwingine. Kiswahili kilifika Ituri katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, na wapagazi wa Kizanzibari waliupita msitu wa Ituri pamoja na Stanley kati ya mwaka 1887 na 1889. Baadaye kilikua katika migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, masokoni, makanisani na mashuleni. Kilipewa jina la Kingwana, kikakua mbali na meza ambako usanifishaji uliamuliwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, vilishughulikia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwemo.

Matokeo ya historia hiyo yanasikika hadi leo. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo kwa jumla, watu ni batu, watoto ni batoto, na mtoto ni mutoto. Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal, katika utafiti wao kuhusu Kiswahili cha Bunia, wameonyesha kwamba mjini humo hakuna Kiswahili kimoja bali mfululizo wa maumbo, kuanzia lile lililo karibu na Kiswahili cha pwani hadi lile lililojengeka upya kwa kiasi kikubwa. Msemaji mmoja huweza kupanda na kushuka katika ngazi hiyo kulingana na anayesema naye.

Sasa jaribio la sehemu ya tatu lirudiwe, lakini mchezaji awe ni mwanafunzi wa Bunia anayetumia Kiswahili cha mtaani kwake. Kwa herufi B, U, N, I, A anaweza kuandika banatumika, neno la herufi kumi, lenye maana ya wanafanya kazi. Herufi zote tano zimo. Mwamuzi aliyeshika kamusi ya Dar es Salaam atalikataa mara mbili: kwanza kwa kiambishi ba-, pili kwa maana, kwani kwa Kiswahili sanifu kutumika si kufanya kazi. Mwanafunzi akilisahihisha na kuandika wanatumika, neno halitimizi tena sharti la mchezo, kwa kuwa B imeondoka. Yaani herufi ya kwanza ya jina la mji wake hupatikana katika neno hilo kwa Kiswahili cha mji wake tu.

Uamuzi wa kulikataa banatumika huwa na sura ya usafi wa lugha, lakini kiisimu hauna msingi imara. Kiambishi ba- si uharibifu wa wa-. Wataalamu wa isimu linganishi wa Kibantu hukubaliana kwamba umbo kongwe la ngeli hiyo ni *ba-, na kwamba wa- ya pwani ndiyo iliyobadilika. Vivyo hivyo mu- ya mutoto ni umbo kongwe kuliko m- ya mtoto. Lugha nyingi za Kibantu zilizo jirani na Bunia zimeyahifadhi maumbo hayo, na Kiswahili cha huko kimekaa nazo.

Hapa kipimo cha mizani kinaonyesha ubora ambao haukutarajiwa. Mtu na mutu hutofautiana kwa herufi, tatu dhidi ya nne, lakini mizani zake ni mbili kwa mbili, kwa sababu m- ya mtu ni silabi kamili. Watoto na batoto ni mizani tatu kwa tatu. Wanatumika na banatumika ni tano kwa tano. Pale ambapo herufi humtenga msemaji wa Bunia na msemaji wa Unguja, mizani huwaweka katika mstari mmoja. Kipimo cha washairi kina uadilifu ambao kipimo cha vipande vya herufi hakina.

7.0 Pingamizi na Mapendekezo

Pingamizi la kwanza linaweza kutoka kwa watetezi wa usanifu. Watasema kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwamba mwanafunzi wa Bunia atahitaji Kiswahili kitakachoeleweka Arusha na Kampala. Kumkubalia banatumika ni kumnyima nafasi hiyo. Pingamizi hili halipuuziki. Lakini linachanganya mambo mawili. Mtihani wa Kiswahili sanifu una haki ya kudai usanifu, kwani ndio lengo lake. Mchezo unaodai kupima utajiri wa maneno hauna haki hiyo, maana unamwambia mtu mwenye maneno kwamba hana. Mwanafunzi anayekataliwa neno la mamaye kwa jina la Kiswahili hajifunzi Kiswahili sanifu zaidi. Hujifunza tu kwamba lugha hiyo ni ya wengine, naye hurudi kwenye Kifaransa, ambacho angalau hakijidai kuwa chake.

Pingamizi la pili ni la kiutendaji: kama kila umbo la kila mahali linakubaliwa, mwamuzi atahukumu kwa nini? Hili ni gumu zaidi, na halina jibu moja. Hata hivyo, mambo matatu yanaweza kupendekezwa. Kwanza, urefu upimwe kwa mizani, na pale panapotumiwa vipande, viwe vya silabi au viwe vimehesabiwa upya kutokana na maandishi ya Kiswahili. Pili, maumbo ya vitenzi yaruhusiwe kwa sharti kwamba mchezaji alitie neno lake katika sentensi inayoeleweka. Sharti hilo litazuia urefushaji wa kiwendawazimu, kwa sababu mtu hawezi kulitungia sentensi umbo asilolijua. Tatu, neno la kieneo likubaliwe iwapo mchezaji ataweza kutaja pia mwenzake wa Kiswahili sanifu. Kwa njia hiyo aliyeandika banatumika atasema pia wanafanya kazi, na aliyezoea la pili atalisikia la kwanza. Ujuzi wa maumbo mawili utahesabiwa kuwa ni mali.

Mapendekezo haya nayo yana mipaka. Sharti la sentensi huufanya mchezo uende polepole, na huhitaji mwamuzi mwenye subira na elimu. Kompyuta, ambayo kwa Kiingereza humaliza kazi kwa orodha moja, itahitaji kwanza kufundishwa sarufi ya viambishi. Tena mizani hazimalizi tofauti zote kati ya Bunia na pwani. Upatanisho wa kisarufi uliopungua na matamshi yaliyoathiriwa na lugha jirani havipimwi kwa silabi. Lakini kipimo chenye mipaka inayojulikana ni bora kuliko kipimo kinachodhaniwa hakina mipaka.

8.0 Hitimisho

Mchezo wa kusaka neno refu kwa herufi zilizotolewa si mchezo mbaya. Kwa Kiingereza unafaa, kwa sababu ulitokana na hesabu ya Kiingereza na kamusi zake. Udhaifu wake huanza pale unapochukuliwa kuwa ni kipimo cha lugha zote. Ukiletwa katika Kiswahili jinsi ulivyo, huifanya kuku kuwa neno lisiloandikika, huligeuza swali la msamiati kuwa swali la kamusi, na humweka mwanafunzi wa Bunia mahali ambapo neno lake ni kosa kabla hajaliandika.

Mfano wa herufi tano za Bunia umeonyesha kwamba dawa haiko mbali. Mizani ipo, kinyume kipo, ba, be, bi, bo, bu ipo katika kila darasa la kwanza. Kazi iliyobaki ni ya idara za Kiswahili, za pwani na za bara, kukaa pamoja na kutengeneza kipimo kinachotokana na lugha yenyewe. Kazi hiyo ikifanywa, wenzao wa Bunia waitwe mapema, wakati kanuni zinapoandikwa, wasije wakaitwa baadaye kushindanishwa kwa kanuni zilizokwisha kuamuliwa bila wao, kama ilivyokuwa mwaka 1928.